Namba ya ndege imebadilika na maili hazionekani: pa kuanzia kutafuta ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukishafunguka, Oktoba hivi minada ikianza, meza yangu hapa Mtwara mjini haipoi. Nakatia watu tiketi za ndege, na kipindi hicho watu wana hela na wana safari, huyu India, huyu Vietnam, huyu anampeleka mama yake umra. Msimu mmoja akaja mjomba mmoja kutoka Tandahimba, mtu mzima, akaweka mezani karatasi ya tiketi na simu yake akaniambia mpwa wangu, nitazamie hapa vizuri, nimepigwa au sijapigwa? Karatasi ina herufi za shirika moja, meseji iliyoingia kwenye simu ina herufi za shirika jingine kabisa, namba ya ndege ilikuwa tarakimu tatu sasa zipo nne, na apu ya maili, zile pointi shirika linakupa kila ukisafiri nalo, aliyoijazia safari za miaka mitatu inamwambia akaunti haipo.

Hakuwa amepigwa. Shirika alilozoea kupanda lilikuwa linaunganishwa na kubwa zaidi na yeye kaingia katikati ya zoezi. Lakini kulielewa hilo na kulinyoosha ilikula karibu wiki tano, simu na imeili, kwa sababu mashirika mengi ya nje ofisi zao ziko Dar, huku kwetu huwezi kwenda kugonga dirisha ukaongea na mtu. Ndo maana naandika hii, mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea akikumbwa ajue aanzie wapi kabla hajapanda basi kwenda Dar kuulizia kitu ambacho angekimaliza akiwa kwake.

Kwanza jua umesimama katikati ya siku zipi

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Tunasikia kwenye redio mashirika mawili yameungana tunadhani imeisha, kama harusi, leo wawili kesho mmoja. Haiko hivyo. Kuna siku wanayosaini na kampuni inakuwa moja kisheria. Kuna siku wanapewa cheti kimoja cha kurusha ndege na mamlaka ya anga. Kuna siku sistimu za bukingi zinaunganishwa. Na kuna siku akaunti za maili zinahamishwa. Hizo siku zinaweza kuachana miezi, tena mingi.

Chukua United na Continental za Marekani. Kisheria waliungana tarehe 1 Oktoba 2010. Cheti kimoja cha uendeshaji wakapata 30 Novemba 2011. Programu ya maili ya Continental iliyoitwa OnePass ikafungwa mwisho wa 2011 watu wakahamishiwa MileagePlus ya United. Na sistimu ya bukingi ndo ikaunganishwa 3 Machi 2012, herufi CO za Continental zikaishia hapo ikabaki UA. Yaani toka kusaini mpaka msimbo kufa ni miezi 17. American na US Airways vivyo hivyo, wamefunga dili 9 Desemba 2013, maili zikaunganishwa Machi 2015, ndege za mwisho zenye herufi US zikaruka Oktoba 2015.

Kwa hiyo ukiona kitu cha ajabu kwenye tiketi yako swali la kwanza lisiwe "nimeibiwa?", liwe "tarehe niliyonunua, tarehe ninayosafiri na leo, kila moja iko upande gani wa zile siku?" Tarehe zao wanazitangaza wenyewe kwenye tovuti zao mapema. Ziandike kwenye karatasi. Karibu kila dalili ninayoitaja huku chini chanzo chake ni kwamba umenunua kabla ya siku fulani na unasafiri baada yake.

Tiketi inasema hivi, ubao unasema vile

Hii ndo naletewa kuliko zote. Zile herufi mbili mbele ya namba ya ndege ni msimbo wa shirika unaotolewa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, TC ni Air Tanzania, PW ni Precision Air, KQ ni Kenya Airways, ET Ethiopian, QR Qatar, EK Emirates. Zikibadilika sababu zinaweza kuwa tatu na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza wala haihusiani na kuungana, ni kuuziana viti. Ndege ni moja, inarushwa na shirika A, lakini shirika B nalo linauza viti humo kwa namba yake. Huku kwetu tumeizoea bila kujua, Precision Air na Kenya Airways kwa miaka mingi ndege ileile ya Dar na Nairobi ungeweza kuikuta ina PW na ina KQ. Jinsi ya kujua: tafuta kwenye tiketi yale maandishi madogo yanayosema ndege inaendeshwa na nani. Kaunta unayoiendea eapoti ni ya yule anayeendesha, siyo yule aliyekuuzia. Mashirika yakianza kuungana huwa yanaanza na hili la kuuziana viti kabla ya kufuta msimbo mmoja, kwa hiyo ukiona ghafla ndege zote za shirika dogo zimeanza kuuzwa pia kwa herufi za kubwa, jua ile siku ya kufuta inakuja.

Sababu ya pili ni kwamba msimbo umeshafutwa kweli. Mfano mzuri kwa watu wetu wa korosho ni India, maana wengi wakifika Mumbai wanaunganisha kwenda Kerala, kule Kollam ambako viwanda vya kubangua vipo toka zamani. Kule kulikuwa na Vistara, msimbo wake UK. Tarehe 12 Novemba 2024 ikaingia rasmi ndani ya Air India na herufi UK zikaondoka kwenye ratiba, ndege zake zikawa AI halafu namba imeongezewa 2 mbele, mathalani UK 955 ikawa AI 2955. Ndege ileile, saa zilezile, jina jipya. Mtu ambaye tiketi yake ilikatwa Agosti imeandikwa UK halafu anasafiri Desemba, lazima aone AI ubaoni.

Na kwa nini namba nayo ibadilike, si wangeacha 955 wakabadilisha herufi tu? Kwa sababu namba ya ndege mwisho wake ni tarakimu nne, na mashirika mawili makubwa yakikaa pamoja namba zinagongana, huyu ana 101 na yule ana 101, moja ikae wapi? Kwa hiyo wanahamisha kundi zima la namba juu, elfu mbili huko au elfu tano. Ukiona namba yako imerukia tarakimu nne wakati wa kuungana ni dalili nzuri tu, maana yake umeshahamishwa.

Sababu ya tatu ni ya wale wanaofuatilia ndege kwenye apu. Ndege zina msimbo mwingine wa herufi tatu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambao ndo rubani na waongoza ndege wanautumia, Air Tanzania ni ATC, Precision ni PRF. Huu hauendi sambamba na ule wa tiketi. US Airways ilipoungana na America West mwaka 2005 abiria wakabaki kuona US kwenye tiketi, lakini hewani ndege zikawa zinaitwa Cactus na msimbo wa AWE, vyote vya America West. Ile ndege iliyotua mtoni Hudson pale New York 15 Januari 2009 abiria walikata tiketi ya US Airways 1549 ila redioni ilikuwa Cactus 1549. Kwa hiyo mtoto wako akiwa angani na apu inaonyesha herufi usizozijua usipandwe presha, linganisha mji inakotoka, inakokwenda na saa.

Ah, na MYW ya Mtwara au LDI ya Lindi hizo ni za uwanja, hazibadiliki mashirika yakiungana. Nimeshaulizwa hilo zaidi ya mara moja.

Namba imebadilika na saa imebadilika, hapo sasa ndo pagumu

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo panapowaumiza watu wa kusini kuliko mtu wa Dar. Mtu wa Dar ndege yake ya nje ikisogezwa mbele saa moja anachelewa kutoka nyumbani au anawahi, basi. Sisi tuna kipande cha Mtwara kwenda Dar ambacho mara nyingi tumekinunua peke yake, tiketi tofauti, shirika tofauti, kwa sababu inakuwa rahisi bei. Sasa mashirika yakiungana ratiba zinapangwa upya, ndege iliyokuwa inaondoka Dar saa kumi na moja jioni inaondoka saa tisa, na wewe ya kutoka Mtwara inatua Dar saa nane. Ukitua unachukua begi, unatoka jengo la ndege za ndani unakwenda Terminali 3, unapanga foleni, kaunta imefungwa. Na kwa kuwa ni tiketi mbili tofauti yule wa nje hadaiwi kitu, kwake wewe hukutokea.

Nimemwona dada mmoja wa Lindi limempata. Alikuja Mtwara kwa gari kupandia ndege, kaka yake wa ng'ambo ndo alimkatia tiketi ile kubwa, kwa hiyo imeili ya mabadiliko ya ratiba ikaenda kwa kaka, kaka yuko kazini hakuisoma, dada kafika Dar ndege imeshaondoka. Shirika silitaji. Nililia naye pale kwenye simu kwa sababu zile hela za kununua upya hazikuwepo.

Dawa yake iko kabla ya safari. Ukisikia shirika lako linaungana na jingine, ingia kwenye bukingi yako kila wiki na siku tatu za mwisho kila siku, usisubiri meseji. Hakikisha namba ya simu na imeili iliyomo kwenye bukingi ni yako wewe msafiri, siyo ya wakala wala ya ndugu aliyelipa. Kama bado hujanunua, omba kipande cha Mtwara na kile cha nje viwe kwenye tiketi moja kama mashirika yana makubaliano, hata kama inazidi kidogo, maana hapo wakibadilisha saa jukumu la kukupanga upya linakuwa lao. Ikishindikana, nenda Dar siku moja kabla ulale. Gharama ya kulala Dar usiku mmoja hailingani na kununua tiketi ya Guangzhou mara mbili.

Na ratiba ikibadilishwa na wao wenyewe, siyo wewe, mara nyingi una haki ya kubadilishiwa bila kulipa au kurudishiwa hela kama mabadiliko ni makubwa. Usikubali haraka kile kitufe cha "nakubali" kwenye imeili kabla hujapiga hesabu ya kufika Dar, ukishabonyeza umeridhia.

Bukingi haipatikani

Unaingiza ile namba ya bukingi ya herufi na tarakimu sita pamoja na jina, inajibu hakuna. Anza na rahisi, je, unaingiza kwenye tovuti ipi? Sistimu zikishahama tovuti ya zamani inakufa au inakurudisha mwanzo, jaribu tovuti ya shirika linalobaki. Pili, bukingi ikihamishwa inaweza kupewa namba mpya, itafute kwenye imeili za karibuni, na zile za takataka pia. Tatu, kama ni ndege ya kuuziana viti, kila shirika lina namba yake ya bukingi kwa safari hiyohiyo, piga wakala akupe zote mbili.

Sasa kuna hili ambalo hata mawakala wengine hawalijui vizuri. Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Bukingi ni nafasi yako, tiketi ni malipo yako, ina namba ya tarakimu 13 na zile tatu za kwanza zinaonyesha shirika lililoitoa, 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar. Continental ilikuwa 005 na United 016. Wakati wa kuhamisha sistimu inatokea bukingi ikafika upande wa pili salama lakini ile tiketi ya namba ya zamani haikuambatana nayo. Ukiangalia kwenye simu unaona safari ipo, jina lipo, kila kitu kizuri, ukifika kaunta wanakwambia hatuoni malipo. Dalili yake ni kwamba huwezi kuchekini onlaini ingawa bukingi inafunguka, au panapotakiwa kuwa na namba ya tiketi pako wazi. Ukiona hivyo piga simu kabla, sema neno hili hasa: "naomba muoanishe tiketi yangu na bukingi mpya", uwatajie tarakimu zote 13. Ni kazi ya dakika chache kwao wakikuelewa. Yule mjomba wa Tandahimba hili ndo lilikuwa tatizo lake la kwanza, na karatasi yake ile aliyoikunja mara nne mfukoni ndo ilimwokoa kwa sababu ilikuwa na namba ya tiketi, kwenye simu hakuwa nayo.

Maili hazijaingia

Subiri kwanza kama siku kumi hivi toka usafiri, wakati wa kuungana inachelewa zaidi. Zikipita hazijaingia angalia haya.

Jina. Kwetu hili ni janga. Pasi ya kusafiria ina majina matatu, akaunti ya maili ulijaza mawili, tiketi wakala kaunganisha jina la pili na la kwanza likawa neno moja. Kwenye akaunti ni Mwanahamisi, kwenye pasi ni Mwanahamis bila i. Kabla ya kuungana shirika dogo lilikuwa linakubali, sistimu mpya kali haikubali, inaona ni watu wawili. Rekebisha akaunti ifanane na pasi herufi kwa herufi, na ufanye hivyo kabla akaunti hazijahamishwa, baada ya hapo wanaanza kukuomba nakala za pasi.

Namba ya uanachama. Bukingi ya zamani ina namba yako ya zamani, na programu ikishafungwa ile namba haina pa kwenda. Usisubiri, ingia uweke mpya kabla ya kuruka. Bodingi pasi ikitoka isome, kama namba ya uanachama iliyochapwa siyo ya sasa mwambie aliye kaunta papo hapo.

Herufi ya daraja la nauli. Siyo "ikonomi" tu, ndani ya ikonomi kuna herufi nyingi, Y, M, Q, na nyingine, na kila programu ina jedwali lake kwamba herufi hii inaleta asilimia ngapi ya maili, zile za promo wakati mwingine haziletei kitu. Mashirika yakiungana jedwali linabadilika. Nauli iliyokuwa inakupa maili kamili inaweza kukupa nusu au isikupe, na hapo hujaonewa, ni kanuni mpya. Kinachotazamwa kwa kawaida ni tarehe uliyoruka, lakini programu nyingine inaangalia tarehe uliyonunua, soma tangazo lao.

Nani kauza na nani kaendesha. Programu nyingine zinahesabu kwa msimbo uliopo kwenye tiketi, nyingine kwa shirika lililorusha. Safari moja unaweza kupata maili nyingi ukiijazia upande huu na kiduchu upande ule. Ila huwezi kuijazia pande mbili, ukishachagua umechagua.

Na shirika kubadilisha programu yenyewe bila hata kuungana na mtu. Kenya Airways miaka mingi wateja wake walikuwa wanajaza kwenye Flying Blue, ile ya Air France na KLM, baadaye wakaanzisha yao, Asante Rewards. Kuna mama hapa Shangani alikuwa bado anatoa kadi ya zamani akidhani maili zake zote ziko sehemu moja, kumbe ana mafungu mawili. Hazijapotea, ila hakuna anayekuja kukuunganishia.

Ukishajua sababu, dai. Kwenye apu au tovuti kuna sehemu ya kudai maili zilizokosekana, wanataka namba ya tiketi ya tarakimu 13, namba ya ndege, tarehe na kiti. Namba ya ndege jaza ile iliyokuwepo siku uliyoruka, siyo ya zamani iliyokuwa kwenye tiketi, hapa watu wengi wanakataliwa bure. Mashirika mengi yanatoa kati ya miezi 6 na 12 kudai, na programu ya zamani inaweza kuweka tarehe ya mwisho mapema zaidi kwa sababu inafungwa. Piga picha bodingi pasi kabla hujaitupa, ile karatasi inafifia na joto la huku, miezi mitatu huoni kitu.

Salio limebadilika, limepungua au limeongezeka

Usifurahi wala usikasirike mpaka uangalie inanunua nini. Watu wa huku wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji wanaelewa hili kuliko mtu yeyote, ukibadilisha shilingi kuwa metikali namba inashuka sana ila hujawa maskini, unauliza kilo ya samaki upande ule ni metikali ngapi. Maili nazo ni hivyo. Delta na Northwest walipounganisha programu 2009 ilikuwa moja kwa moja. American na US Airways moja kwa moja. Ila Alaska ilipoimeza Virgin America, pointi moja ya Elevate, programu ya Virgin America, ikawa maili 1.3 za Alaska, kwa hiyo mtu mwenye 10,000 akaamka ana 13,000. Siyo zawadi, ni kwamba pointi za kule na maili za huku hazikuwa na thamani sawa. Kabla ya siku ya kuhama andika chini safari yako unayoitaka, mathalani Dar kwenda Mumbai, inataka maili ngapi kwenye programu ya sasa. Baada ya kuhama tazama inataka ngapi kwenye mpya. Hiyo ndo hesabu ya kweli.

Kama ni pungufu kwa namba isiyoeleweka, mara nyingi ni maili zilizoisha muda. Programu mpya inaweza kuwa na sheria tofauti ya kuisha. Ndo maana skrinishoti ya salio la zamani ikiwa na tarehe juu ni muhimu, bila hiyo ni neno lako dhidi ya kompyuta yao.

Kama ulikuwa na akaunti pande zote mbili haziungani zenyewe mpaka uombe, na lazima jina, tarehe ya kuzaliwa na imeili vifanane. Fanya hivyo mara moja tu, na usifungue akaunti ya tatu kwa hasira, nimeona watu wanafanya hivyo kisha wanakaa miezi kuzifuta.

Kadi ya dhahabu imekataliwa mlangoni

Hapa tatizo siyo maili, ni umoja wa mashirika, lile kundi ambalo shirika moja linaheshimu kadi ya msafiri wa mara kwa mara wa jingine. US Airways ilikuwa Star Alliance mpaka 30 Machi 2014, kesho yake ikawa Oneworld kwa sababu ya kuungana na American. Mwenye kadi ya dhahabu ya shirika jingine la Star alilala ana haki ya laounji na begi la ziada akiruka na US Airways, akaamka hana. Angalia shirika lako liko umoja gani leo, siyo ulipochukua kadi.

Limenunuliwa lakini hakuna kilichobadilika

Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, hisa kununuliwa siyo mashirika kuungana. Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003 na PW ikabaki PW. Afrika Kusini wakashika asilimia 49 ya Air Tanzania kuanzia 2002 mpaka serikali ilipoachana nao 2006, TC ikabaki TC. Air France na KLM ni kundi moja toka 2004 lakini KLM inakuja Dar na KL yake mpaka leo, kwa abiria kilichounganishwa ni maili. Hapo huna la kufanya, endelea na safari.

Shirika limekufa

Hii ni tofauti kabisa na inaniuma kuieleza. Alitalia iliruka mara ya mwisho 14 Oktoba 2021, kesho yake ITA Airways ikaanza na msimbo uleule wa AZ, abiria akiangalia ubaoni anaona ni walewale. Lakini ITA ni kampuni mpya, programu ya MilleMiglia ya Alitalia haikuhamia kwake. Kwa hiyo msimbo kubaki si ushahidi kwamba maili zimebaki, na msimbo kufutwa si ushahidi kwamba zimepotea. Uliza nani kisheria kairithi programu. Shirika likianza kuyumba, ndege zinafutwa kila wiki, wafanyakazi wanagoma, tumia maili zako mapema hata kwa safari fupi. Na kama ulilipa tiketi kwa kadi ya benki, nenda benki yako mara moja uombe kurudishiwa, benki nazo zina muda wao wa mwisho.

Meseji inayokuambia bonyeza hapa kuunganisha maili

Wakati wa kuungana ndo wakati wa matapeli, maana kila mtu anategemea meseji. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wana ndugu zao wa kwenye ndege. Hakuna shirika linalokuomba pasiwedi, wala namba ya siri ya M-Pesa, wala hela ya kuhamisha maili. Usibonyeze linki, fungua tovuti mwenyewe kwa kuandika jina lake. Na ukimkabidhi mtu kama mimi akufanyie, kaa naye pale mezani mpaka amalize, kisha badilisha pasiwedi ukifika nyumbani. Mjomba wa Tandahimba nilimwambia hivyo hivyo, akanijibu mpwa wangu wewe nakuamini, nikamwambia hata kama, badilisha. Akabadilisha. Wiki ya tano maili zikaingia zote za miaka mitatu, akanipigia kutoka shambani akitaka kujua zinatosha kumpeleka mke wake Muscat kuona wajukuu. Zilitosha kwenda, kurudi akaongezea kidogo.